Fununu za Kamera: Tangazo Lisilo na Mwenyewe

Leo naweka kando mambo ya kuandika programu nizungumzie kamera. Au niseme, kamera ambazo bado hazijatoka. Ukifuatilia habari za kamera mtandaoni kwa miezi miwili mitatu utaona jambo la kuchekesha: siku ya uzinduzi huwa hakuna jipya. Picha zilishaonekana, uzito ulishajulikana, bei ilishajadiliwa hadi watu wakatukanana, na tayari kuna jamaa aliyekwisha kuitangaza kamera hiyo kuwa takataka ilhali hajaigusa. Halafu kampuni inapanda jukwaani na kutangaza yale yale tunayoyajua sote, kwa uso mkavu, kana kwamba hakuna aliyewahi kuyasikia.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hawakuwa na habari za kamera akilini, lakini tovuti za fununu zingeweza kuuchukua msemo huo zikaubandika juu kabisa ya ukurasa.

Swali linaloulizwa kila mara ni kama kampuni zenyewe ndizo zinazovujisha habari hizi makusudi ili zipate kutangaziwa bure. Wapo wanaoapa kwamba kila picha inayovuja ilipita kwanza mezani kwa mkuu wa mauzo. Wapo wanaocheka na kusema kampuni za Kijapani hazina mzaha na siri zao. Msimamo wangu, ambao nitajaribu kuutetea hapa, ni kwamba tunahangaika mno na aliyevujisha, tukasahau kuuliza ni nani atakayejibu habari hiyo ikigeuka kuwa nusu ya ukweli. Tangazo la gazetini lina jina la kampuni chini yake. Fununu haina jina. Faida yake inakwenda kwa kampuni, na hasara yake inabaki kwa aliyeamini.

Hata hivyo, uvujaji si wa aina moja, na kuna aina ninayoipenda sana.

Kamera ya siku hizi ina Wi-Fi na Bluetooth, kwa hiyo machoni pa sheria ni chombo cha redio. Kabla ya kuuzwa Marekani lazima ipimwe na kuidhinishwa kwa utaratibu wa FCC, ile tume yao ya mawasiliano. China, Korea Kusini na Taiwan zina taratibu zao, na hapa kwetu Mamlaka ya Mawasiliano nayo hutoa idhini kwa vifaa vya aina hiyo. Rekodi nyingi za usajili huwa wazi kwa umma. Kampuni inaweza kuiomba FCC izifiche picha na mwongozo wa mtumiaji kwa muda, hadi siku 180, lakini kuwepo kwa kifaa chenyewe hakufichiki: inabaki namba ya usajili, masafa ya redio, pengine na aina ya betri. Basi kuna watu ambao wamejipa kazi ya kuzichungulia rekodi hizo kila uchao. Namba mpya ikitokea wanajua kuna kamera njiani. Mimi nawaonea wivu! Ni sawa kabisa na kusoma logi za seva usiku wa manane. Hakuna anayekubembeleza, hakuna sifa zilizopambwa, ni namba tu, na namba hizo hazikuandikwa ili kukuuzia kitu.

Aina ya pili ni ya mikono mingi. Kamera moja inazinduliwa saa ile ile katika nchi nyingi. Kuna wachapishaji wa maboksi, wafasiri wa miongozo, wenye maduka wanaotayarisha kurasa za kuuzia, na wakaguzi waliopewa kamera mapema baada ya kutia sahihi mkataba wa kutunza siri hadi tarehe na saa fulani. Kikulacho ki nguoni mwako. Mtu mmoja dukani akibonyeza kitufe cha kuchapisha kabla ya wakati, siri imekwisha. Sisi tunaoandika programu tatizo hili tunalijua vizuri. Ni nani kati yetu ambaye hajaona ukurasa wa majaribio ukichomoza hadharani kwa sababu mtu alisahau kwamba saa za Tokyo si saa za New York? Hiyo ni ajali, na ajali haina nia.

Aina ya tatu ndiyo inayonikera. Siku tatu nne kabla ya uzinduzi zinatokea picha safi za studio, kamera imegeuzwa pande zote, pamoja na orodha ya sifa iliyopangwa kama brosha. Inawezekana ni zile za dukani zilizotoka mapema. Inawezekana vilevile kwamba mtu fulani mwenye tai aliamua zitoke. Kwa kuziangalia tu huwezi kujua, na kwa anayeuza huo ndio utamu wake.

Mtu atasema nina dhana mbaya. Basi tutoke kwenye kamera kidogo twende kwa Apple, kwa sababu huko kuna mtu aliyefungua mdomo. Januari 2010 John Martellaro, aliyewahi kuwa meneja wa masoko katika Apple, aliandika kwenye The Mac Observer jinsi uvujaji wa kupangwa ulivyokuwa ukifanywa. Kwa maelezo yake, mkubwa mmoja angemwendea mfanyakazi na kumuuliza kama ana rafiki wa kuaminika katika chombo kikubwa cha habari. Kisha angemwambia ampigie simu rafiki huyo, wapige soga, na katikati ya soga aitaje ile habari kama jambo la kupita tu. Barua pepe zilikuwa mwiko. Maandishi yoyote mwiko.

Aliandika hayo mara tu baada ya The Wall Street Journal kuripoti kwamba Apple inakuja na tarakilishi bapa ya takriban dola 1,000. Martellaro aliiona ripoti hiyo akasema ina alama zote za kazi aliyoifahamu. Tarehe 27 mwezi huo huo Steve Jobs alisimama jukwaani, akaionyesha iPad, akakumbusha kwamba wachambuzi wanatarajia bei ya chini kidogo ya dola 1,000, akaiweka 999 kubwa kwenye skrini nyuma yake, akaiacha hapo kidogo watu waitazame. Halafu ikawa 499. Ukumbi ukashangilia. Je, wangeshangilia hivyo kama 499 ingekuwa namba ya kwanza kuisikia?

Na ni Apple hii hii iliyoishtaki Think Secret, tovuti ya fununu, mwaka 2005. Kesi ikaisha Desemba 2007 kwa makubaliano, na tovuti ikafungwa. Kwa hiyo anayesema kampuni zinapenda uvujaji yuko sahihi, na anayesema zinauchukia yuko sahihi pia. Zinauchukia ule zisiouamuru.

Kwenye kamera sitamshtaki mtu bila shahidi. Nitaangalia tu yale ambayo kampuni zimeyafanya mchana kweupe, maana yanatosha. Mwaka 2008, kabla ya kuitangaza EOS 5D Mark II tarehe 17 Septemba, Canon iliweka mtandaoni tangazo la giza totoro: mwezi, na kivuli cha kamera kikiangaziwa kwa mbali, pasipo jina wala sifa. Watu wakaichukua picha hiyo, wakaiongezea mwanga kwenye Photoshop wakitafuta umbo la vitufe. Fikiria kampuni ambayo wateja wake wanalichambua tangazo lake pikseli kwa pikseli, bila malipo! Mwaka 2018 Nikon nayo ilianza tarehe 25 Julai kutoa video za kudokeza mfumo wake mpya wa kamera zisizo na kioo ndani, na kuzitangaza rasmi Z6 na Z7 tarehe 23 Agosti. Karibu mwezi mzima wa vivuli. Zilipotoka, kelele kubwa ikawa kwamba zina nafasi moja tu ya kadi ya kumbukumbu, na mpiga picha wa harusi anajua maana yake: kadi ikifa, harusi ya watu imekufa. Nafasi ya pili ilikuja na Z6 II na Z7 II, Oktoba 2020.

Lakini darasa kamili ni Canon EOS R5.

Mwanzoni mwa 2020 fununu zilisema kwamba Canon inakuja na kamera ya kushika mkononi inayorekodi video ya 8K, yaani picha yenye upana wa takriban pikseli 8,000. Wengi hawakuamini, na hawakuwa wajinga. EOS R ya mwaka 2018 ilikuwa ikirekodi 4K kwa kukata sehemu kubwa ya picha, kwa hiyo 8K kutoka kwa watu hao hao ilisikika kama ndoto. Kisha Februari 13 Canon yenyewe ikatangaza kwamba inaitengeneza R5, na kwamba naam, 8K ipo. Bei haikutajwa, wala siku ya kutoka. Machi 13 ikarudi tena: 8K itatumia upana wote wa kihisi, kile kipande kinachopokea mwanga, na kulenga kwa Dual Pixel kutafanya kazi humo humo. Aprili ikaongeza mengine: video ghafi ya 8K itarekodiwa ndani ya kamera, na 4K itafika fremu 120 kwa sekunde. Kila mwezi tone moja, kama dawa ya macho. Na kila tone likazaa mamia ya makala, video na ugomvi.

Uzinduzi ukawa Julai 9, bei dola 3,899. Ndipo likaja jedwali la joto. Katika nyuzijoto 23 za Selsiasi, 8K ilikuwa na takriban dakika 20, na 4K ya fremu 120 dakika 15, kisha kamera inasimama kurekodi hadi ipoe. Nilipolisoma jedwali lile nilifikiria harusi ya Mombasa mwezi wa Desemba, saa saba mchana, kamera juani. Nani huko ana nyuzijoto 23?

Nisieleweke vibaya. Hakuna aliyesema uongo. 8K ilikuwepo kama fununu zilivyosema. Kwa picha za kawaida R5 ni kamera nzuri mno, ya megapikseli 45, na hao walioilalamikia sana wengi wao walikuwa watu wa video. Ninachosema ni kwamba kwa miezi mitano tuliyoizungumzia kamera ile, kila kilichodondoka kilikuwa ni uwezo, na mipaka ya uwezo huo ikaja mwishoni, watu wakiwa wameshapanga pesa zao. Mtu anayevujisha orodha ya sifa hana jedwali la joto. Hata akiwa nalo, nani atalisambaza? "8K" ni herufi na namba mbili tu, inaingia kwenye kichwa cha habari. "Dakika 20 katika nyuzijoto 23 kisha subiri ipoe" haiingii popote.

Na hapa nitasema jambo ambalo huenda likawashangaza baadhi yenu: kati ya fununu ya Januari na tangazo la Februari, mimi naliheshimu tangazo. Canon ilitia jina lake. Kwa sababu hiyo, joto lilipoleta kelele, kulikuwa na mlango wa kubisha. Mwezi Agosti ikatoa toleo jipya la programu ya ndani ya kamera lililopunguza tatizo. Januari 2022 ikatoa R5 C yenye feni ndani yake. Julai 2024 ikaja R5 Mark II, ambayo unaweza kuinunulia kishikio chenye feni ya kupozea. Hiyo yote ni kampuni ikijibu deni la maneno yake. Sasa nambie, kama habari nzima ya 8K ingebaki kuwa fununu hadi siku ya uzinduzi, nani angewajibika kwa matumaini ambayo watu walikuwa nayo tangu Januari? Jibu la kampuni lingekuwa lile la siku zote, kwamba hatuzungumzii uvumi.

Tumeliona jibu hilo likitumika upande wa pili pia. Julai 2022 gazeti la Nikkei liliandika kwamba Nikon inaachana na kutengeneza kamera mpya za DSLR, zile zenye kioo ndani. Siku hiyo hiyo Nikon ikatoa taarifa kwamba hayo ni makisio ya gazeti, kwamba haijatangaza kitu kama hicho, na kwamba inaendelea kutengeneza, kuuza na kuhudumia DSLR zake. Soma taarifa hiyo kama mwanaprogramu asomavyo masharti ya leseni. Inasema itaendelea kutengeneza na kuuza zilizopo. Haisemi kwamba itabuni mpya. Baada ya D6 iliyotangazwa Februari 2020, hadi wakati huo haikuwa imetangaza DSLR nyingine. Mtu aliyekuwa na lenzi za mfumo huo, akitaka kujua kama aendelee kuwekeza humo, alibaki na habari mbili: moja ya gazeti isiyo na mwenyewe, na nyingine ya mwenyewe isiyo na jibu.

Kwenye programu tuna jina la kudhihaki bidhaa inayotangazwa isipatikane. Kwa Kiswahili tunalo bora zaidi, maana tumeshazoea wafanyakazi hewa na miradi hewa. Hii ni kamera hewa. Bingwa wake kwa miaka mingi alikuwa RED, kampuni ya Marekani ya kamera za sinema. Mwaka 2008 ilitangaza Scarlet, kamera ndogo ya 3K kwa bei ya chini ya dola 3,000. Watengeneza filamu wadogo kote duniani wakaanza kuweka akiba. Mpango ukabadilika, ukabadilika tena, na Novemba 2011 ilipotoka Scarlet-X bei yake ilikuwa karibu dola 10,000. Miaka mitatu na zaidi! Katika muda huo Canon iliwauzia watu 5D Mark II na wakatengeneza filamu zao nayo.

Kutangaza mapema kunaweza kumrudi mwenyewe pia. Kila aliyesoma historia ya tarakilishi anaijua hadithi ya kampuni ya Osborne, iliyofilisika Septemba 1983, na lawama nyingi zikaelekezwa kwenye kutangaza mashine mpya wakati za zamani bado zimejaa ghalani. Wanahistoria wengine wanasema mambo yalikuwa mengi zaidi ya hayo. Hapo ndipo fununu inapokuwa tamu kuliko tangazo. Inakuwezesha kumzuia mteja asiende kwa mshindani bila wewe mwenyewe kukiri kwamba bidhaa uliyonayo dukani inakaribia kuzeeka. Sony iliitangaza A7S III tarehe 28 Julai 2020, siku 19 tu baada ya uzinduzi wa R5. Mtu wa video aliyekuwa ameshikilia pesa zake tangu Februari akisubiri 8K hakuwa ameshikiliwa na kamba. Alishikiliwa na maneno.

Kwa nini biashara hii hasa ndiyo yenye fununu nyingi hivi? Angalia hesabu zake. Kwa takwimu za CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, mwaka 2010 zilisafirishwa kamera za kidijitali zaidi ya milioni 120. Mwaka 2020 hazikufika milioni 9. Simu za mkononi zilikula zilizobaki. Soko likipungua hivyo, fedha za mabango na televisheni nazo hupungua. Maonyesho makubwa yakafa pia: CP+ ya Yokohama ya 2020 ilifutwa kwa sababu ya corona, na Photokina ya Cologne, iliyoanza mwaka 1950, ikasimamishwa Novemba 2020 bila tarehe ya kurudi. Wanunuzi waliobaki ni wale wenye mapenzi kweli, na wanajulikana walipo: wako kwenye mtandao, wanasoma fununu. Kwa nini ulipie bango barabarani wakati wateja wako wote wamekusanyika chumba kimoja wakisubiri uchungulie dirishani?

Halafu kuna pesa ya katikati, ambayo wasomaji wengi hawaifikirii. Tovuti nyingi za fununu, na wakaguzi wengi wa video, hulipwa kamisheni na maduka makubwa ya ng'ambo pale msomaji anapobofya kiungo na kuagiza. Si siri, wengi wao huandika hivyo wenyewe chini ya ukurasa, na sioni ubaya kwa mtu kula jasho lake. Lakini fuata mnyororo kama unavyofuata data ndani ya programu. Kampuni inataka oda za mapema. Duka linataka oda za mapema. Mwenye tovuti analipwa kutokana na oda. Mkaguzi anataka kupewa kamera inayofuata. Katika mnyororo wote huo, ni nani mwenye sababu ya kukuambia subiri miezi sita?

Jamaa mmoja ninayemfahamu, mpiga picha za harusi hapa Nairobi, aliuza kamera yake nzima, inayofanya kazi vizuri, kwa sababu fununu zilisema mrithi wake anakuja na bei ya ya zamani itaanguka. (Kampuni siitaji, na tatizo hapa si kampuni.) Alitaka kuwahi. Mrithi akachelewa, na alipotoka bei yake ikawa juu ya makadirio, na mzigo wa kwanza ukaishia kwa walioagiza Marekani na Ulaya. Msimu mzima wa Agosti na Desemba jamaa alifanya kazi kwa kamera za kukodi, akilipa kwa siku. Usiache mbachao kwa msala upitao, naye aliuacha kwa msala ambao hata haukuwa umefumwa. Na upande mwingine wa kaunta kuna mwenye duka dogo mjini aliyenunua kamera tano za modeli ile kwa mkopo. Picha moja ikivuja, kila mteja anayeingia anaanza na sentensi ile ile: lakini si kuna mpya inakuja? Huyo muuzaji hakualikwa kwenye uzinduzi, hakupewa taarifa yoyote, lakini punguzo linatoka mfukoni mwake.

Nikiri pia kwamba kuna fununu zilizowaokoa watu. Fujifilm X100V ya 2020 ilipata umaarufu wa ghafla kwenye TikTok, ikakosekana madukani, na za mitumba zikauzwa kwa bei kupita ile ya dukani, dola 1,399. Kwa miezi mingi fununu zilisema mrithi wake yuko njiani. Aliyeziamini akazuia mkono wake, na Februari 20, 2024 X100VI ikatangazwa kwa dola 1,599. Ndiyo, nayo ilikuwa adimu, lakini angalau hukulipia kamera ya zamani bei ya mpya. Kwa hiyo sisemi msisome fununu. Mimi mwenyewe huzisoma, tena kwa raha. Nasema zisomwe kama tangazo linavyosomwa. Ukiona namba ya usajili iliyochimbuliwa kwenye rekodi za serikali, hiyo ni habari. Ukiona picha ya studio na sifa kumi bila kasoro hata moja, hilo ni tangazo ambalo halijatiwa sahihi, haijalishi limetoka mkononi mwa nani.

Na kwa kampuni nina ombi moja, kutoka kwenye kazi yangu. Tunapotoa toleo jipya la programu, tunaandika yaliyoongezwa, na chini yake tunaandika matatizo yanayojulikana. Programu hii haifanyi kazi vizuri na printa fulani. Ukiwa na faili zaidi ya kiasi hiki itakuwa nzito. Inaaibisha kidogo, lakini mtumiaji anajua anachoingia. Kamera ni tarakilishi yenye lenzi. Siku ya kudokeza 8K, dokezeni na dakika. Siku ya kuonyesha kivuli cha kamera mpya, semeni ina nafasi ngapi za kadi. Kama habari itavuja, basi na mipaka yake ivuje pamoja nayo. Hadi hapo, sisi tulio mbali na foleni ya kwanza tuna faida moja ambayo hatuitumii vya kutosha: mzigo unapofika kwetu kwa bei inayoeleweka, walioagiza mapema huko ng'ambo wameshatufanyia majaribio yote, na majedwali ya joto yameshaandikwa.

Tukirudi kwa wale waliokuwa wakiisubiri Scarlet ya chini ya dola 3,000 tangu 2008: Nikon iliinunua RED mwaka 2024, na Septemba 2025 ikatangaza Nikon ZR, kamera ndogo inayorekodi 6K kwa mfumo wa video ghafi wa RED, kwa dola 2,200 hivi. Imechelewa miaka 17 tu.